Picha nyeusi au nyekundu? Namna ya kuutambua mtungi wa Kigiriki makumbusho

Mpwa wangu anasoma historia ya sanaa. Juzi alinirushia rundo la picha za mitungi ya Athens akitaka kujua ipi ni ipi, nikaona bora niandike.

1. Tazama umbo. Amfora ina mikono miwili. Kratera ina mdomo mpana, ya kuchanganyia mvinyo na maji. Lekitho ni kichupa cha mafuta. Basi.

2. Tambua mbinu: picha nyeusi (watu weusi juu ya udongo mwekundu) au picha nyekundu (watu wekundu, nyuma yao weusi). Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu wanaangalia rangi. Achana na rangi. Angalia mistari iliyo ndani ya mwili wa mtu: misuli, nywele, mikunjo ya nguo. Ikiwa imechanjwa kwa ncha kali, hiyo ni picha nyeusi. Ikiwa imechorwa kwa brashi juu ya udongo ulioachwa wazi, ni picha nyekundu, mtindo ulioanza Athens miaka ya 520 KK hivi. Inama mpaka mwanga uupige mtungi ubavuni: chanjo ni kamfereji, mstari wa brashi mara nyingi umetuna kidogo. Mazoezi mazuri ni amfora ya mchoraji Exekias iliyoko Vatican, mashujaa Akile (Achilles) na Aya (Ajax) wakicheza dadu. Mapambo ya mashuka yao yamechanjwa kwa wembamba wa unywele.

Kwa nini rangi inadanganya? Weusi ule ni udongo laini mno wenye chuma. Tanuri likinyimwa hewa, mtungi wote huwa mweusi. Hewa ikirudi, mwili huwa mwekundu tena, ila sehemu zilizopakwa udongo ule zimeshajifunga, hewa haiingii, zinabaki nyeusi. Moto ukikosewa, "nyeusi" hutoka kahawia, hata nyekundu.

Tahadhari: wachoraji wa mwanzo wa picha nyekundu bado walichanja ukingo wa nywele, kwa hiyo usiamue kwa kichwa pekee. Zunguka upande wa pili pia. Munich ipo amfora yenye shujaa Herakles amejilaza kitandani pande zote mbili, mmoja mweusi, mwingine mwekundu. Na ngozi ya wanawake kwenye picha nyeusi ilipakwa nyeupe, ambayo mara nyingi imebanduka.

3. Chora kwa penseli. Simu hunasa mng'ao wa kioo, na penseli hukulazimisha kufuata kila mstari.

4. Nakili namba ya usajili, kisha itafute kwenye hifadhi ya Beazley ya Oxford, yaani kumbukumbu za mitungi ya Kigiriki, iko wazi mtandaoni. Usitafute kwa jina la mchoraji. Tahajia zitakuzungusha mchana kutwa.