Namna ya Kuzipa Albamu za Roki na Popu Alama Zako Mwenyewe

Anayetaka kuzipa alama albamu anazozisikiliza atafute kwanza mawe ya mizani. Muuza mchele wa Kariakoo hakisii kilo kwa kiganja; huweka jiwe upande mmoja wa mizani, ndipo amimine mchele upande wa pili. Nawe, kabla ya kuandika alama yoyote, teua albamu tatu au nne unazozijua kama njia ya kwenu, uzipe alama zitakazodumu, kisha kila albamu mpya uipime kwa kuilinganisha na hizo. Katika daftari langu, lenye kipimo cha 1 hadi 10, jiwe la 10 ni The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, iliyotoka mwaka 1973. Jiwe la 9 ni Rumours ya Fleetwood Mac, ya mwaka 1977. Na jiwe la 7 ni Bad ya Michael Jackson, ya mwaka 1987. Jiwe la 5 ndilo linalosahauliwa na wengi, ilhali ndilo la lazima zaidi: liwe albamu unayoweza kuisikiliza mpaka mwisho bila kuchukia na bila kutamani kuirudia. Asiye na jiwe hilo hujikuta ameirundika kila albamu kati ya 7 na 9, na alama zake hazimwambii mtu kitu, hata yeye mwenyewe.

Isikilize albamu mara tatu kabla ya kushika kalamu. Albamu nyingi za miaka ya 1960 na 1970 hazizidi dakika 45, kwa kuwa upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika 22 tu, hivyo safari ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na muda wa kusubiri kituoni, inatosha kwa usikilizaji wa kwanza. Usitoe alama humo ndani ya basi, maana ngurumo ya injini humeza gitaa la besi na sehemu zote za sauti ya chini. Mara ya pili na ya tatu sikiliza nyumbani usiku, majirani wakiwa wamezima redio zao, kwa spika nzuri au spika za masikioni zinazoziba vyema. Pakua albamu mapema ili bando lisiishe katikati, na uhakikishe kuwa programu ya simu haichanganyi mpangilio wa nyimbo.

Mpangilio una uzito mkubwa kuliko tunavyodhani, na hapa ndipo wasikilizaji wengi wanapokosea hesabu. Wao huupa kila wimbo alama yake, hujumlisha, kisha hugawanya kwa idadi ya nyimbo. Njia hiyo inaifaa Thriller ya Michael Jackson, ya mwaka 1982, ambayo nyimbo zake 7 kati ya 9 zilitolewa pia mojamoja na kila moja inasimama kwa miguu yake. Ukiitumia kwa Abbey Road ya The Beatles, ya mwaka 1969, utaidhulumu. Upande wake wa pili una mfululizo wa nyimbo fupi zilizounganishwa kwa takriban dakika 16. Ukizipima mojamoja, baadhi zitaonekana vipande visivyokamilika, lakini zikifuatana zinapanda hatua kwa hatua hadi kileleni, na mimi sijasikia mwisho wa albamu unaoupita huo. Kwa sababu hiyo mimi huandika alama ya albamu nzima kwanza, kisha ndipo hutazama nyimbo ili kujua kama kuna unaonifanya nitamani kuuruka. Nyimbo zilizoongezwa katika matoleo ya miaka ya baadaye sizihesabu kabisa.

Jihadhari na mapenzi yanayotangulia masikio. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na wengi wetu tumeipenda Queen kwa ajili hiyo kabla ya kusikia albamu yao hata moja kwa ukamilifu. Mapenzi hayo ni halali, ila yaandike kando ya alama ili uyajue. Nilipoisikiliza A Night at the Opera ya mwaka 1975 kwa utulivu, niliipa 8, kwa sababu baadhi ya nyimbo zake fupi za mtindo wa kale zinapunguza kasi ambayo zile ndefu zimeijenga kwa jasho.

Kila alama ifuatwe na tarehe na sentensi moja ya sababu. Ukibadili mawazo, usifute. Piga mstari mmoja juu ya alama ya zamani, ili ibaki ikisomeka, uandike mpya chini yake. Ukurasa wangu wa OK Computer ya Radiohead, iliyotoka mwaka 1997, una alama tatu. Ya kwanza ni 6, na sababu yake inasema "huzuni tupu". Ya pili ni 7. Ya tatu ni 9, niliyoiandika usiku ambao hatimaye nilisikia kwamba katika wimbo wa Let Down kuna gitaa linalokwenda kwa hesabu yake lenyewe ya mapigo, tofauti na ya ala nyingine, tangu mwanzo.