Kuandaa kikao cha wazazi mtaani kuhusu bangi na vijana

Kinachoharibu vikao vingi ni vitisho. Ukisema "anayevuta mara moja anakuwa kichaa", kijana aliyemwona mwenzake akivuta na kesho yake akaenda shule kama kawaida hataamini hata yale ya kweli. Nayo ya kweli yanatosha: ubongo hukomaa mpaka karibu miaka 25, na kilevi cha bangi, THC, huvuruga kumbukumbu na umakini. Kati ya wanaoanza katika umri wa ujana, takriban mmoja kwa sita hunaswa na uraibu. Penye ugonjwa wa akili katika ukoo, hatari ya kusikia sauti zisizokuwapo huongezeka.

Mwombeni mwenyekiti wa mtaa awaite wazazi 20 hadi 30. Wakizidi hapo, wanaouliza ni walewale watatu wa mbele. Maelezo dakika 20, maswali 40. Vijana wapangiwe siku yao, kwani mbele ya wazazi hawafungui mdomo. Jina la mtoto wa mtu lisitajwe, wala msilete bangi "ya kuonyesha": Tanzania kukutwa nayo ni kosa la jinai.

Bangi ya kula ipewe muda wa kutosha, maana wazazi wengi wamezoea kunusa moshi tu. Aliyevuta hulewa ndani ya dakika chache. Aliyekula biskuti au keki yenye bangi husubiri nusu saa hadi saa mbili; anadhani haijamshika, anaongeza kipande, kisha vyote vinampanda pamoja: moyo mbio, hofu kali, kutapika. Mtoto mdogo aliyeila apelekwe hospitali hata kabla hajaonyesha dalili.

Waelezeni pia kwamba macho mekundu peke yake si ushahidi. Vumbi nalo huyafanya hivyo.

Nyumbani, mzazi asimhoji kijana akiwa amelewa. Asubiri kesho yake, wakiwa wawili tu, amuulize bangi inamsaidia nini: usingizi, woga, au kukubalika na wenzake? Akiacha, hasira na kukosa usingizi vinaweza kudumu wiki moja hadi mbili. Hapo ndipo wengine humfukuza wakidhani amezidi ujeuri, naye huirudia.

Mtu akiuliza kuhusu methadoni, hiyo ni dawa ya kutibu uraibu wa heroini; kwa bangi tiba kuu ni ushauri nasaha. Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupigwa bure. Iandikeni ubaoni kikao kinapoanza, si watu wakishasimama kuondoka.