Namna ya Kukusanya Sarafu za Tanzania na Kuzifanya Akiba

Anayetaka kukusanya sarafu za Tanzania, kwa kupenda historia na kwa kujiwekea akiba, achague kwanza kipindi kimoja na akijue barabara kabla hajatoa fedha yake. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu za shaba karne nyingi kabla ya Wareno kufika pwani. Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitoa pesa za shaba na riali zenye mwaka wa Hijria 1299, yaani 1882. Wajerumani walianza kuleta rupia zao mwaka 1890. Shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia mwaka 1921. Na sarafu za taifa huru zikatolewa na Benki Kuu mwaka 1966. Kila kipindi kina madini yake, alama zake na watu wake wanaozighushi, na hakuna anayeyamudu yote kwa pamoja.

Kwa anayeanza, napendekeza sarafu za 1966 na miaka iliyofuata: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, sumni, yaani senti hamsini, yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge wa Uhuru, zote zikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere. Nyingi bado zimelala kwenye makopo majumbani, na kwa sababu hiyo jicho linaweza kujifunza kwa gharama ndogo. Tafuta za kila mwaka, kisha kila unapopata iliyo bora zaidi, ibadilishe na ile ya zamani. Tazama sehemu zilizoinuka, kama vile nywele na shavu, maana hapo ndipo sarafu huanza kuchakaa. Baada ya kulinganisha nyingi utaona mwenyewe tofauti kati ya iliyopita mikononi mwa watu na ambayo haikuwahi kutumika, na tofauti hiyo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya bei.

Wengi hudhani kwamba sarafu ikiwa kongwe ni lazima iwe ghali, na wauzaji hulijua hilo. Thalari ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria iliyotumika sana katika biashara ya mwambao, huandikwa mwaka 1780 hata ikiwa imetengenezwa katika karne ya ishirini, kwa hiyo mwaka ulio juu yake hauthibitishi umri wake. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kuanzia 1921 hadi 1946 ina uzito wa takriban gramu 7.78, lakini robo tu ya uzito huo ndiyo madini ya fedha, yaani chini ya gramu mbili. Na zile za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Muuzaji akikuambia ni fedha tupu, ama hajui anachouza ama anategemea kwamba wewe hujui.

Sarafu za Tabora za mwaka 1916 zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndizo zinazotafutwa sana na ndizo zinazoghushiwa sana. Vita vilipoifungia njia ya baharini koloni la Wajerumani, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kuwa mahali pa kutengeneza sarafu. Rupia 15 ya dhahabu, iliyotokana na dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ina tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Uzito wake ni takriban gramu 7.17, robo tatu yake ikiwa dhahabu safi, na zilitengenezwa elfu kumi na sita na ushei tu. Bei yake huizidi mbali thamani ya dhahabu iliyomo. Ipime kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, upime na kipenyo chake, kisha ichunguze kwa lenzi: ya kughushi iliyomiminwa katika kalibu huwa na vitundu vidogovidogo, herufi zilizolegea kingo, na wakati mwingine mstari wa maungio pembeni. Heller 20 ya mwaka huohuo (heller ilikuwa sehemu ya mia ya rupia) huhitaji hekima tofauti, kwa kuwa hata iliyo halisi ilitengenezwa kwa haraka na huonekana ya kienyeji. Hapo linganisha ukubwa wa taji na ncha za herufi L na aina zinazojulikana, kwani baadhi ya aina ni adimu kuliko nyingine.

Usiisafishe sarafu kwa ndimu, dawa ya meno, majivu wala kitambaa. Mng'ao unaopatikana hivyo ni ngozi ya sarafu iliyokwanguliwa, na mnunuzi mzoefu huitambua mara moja. Ishike kwa ukingo. Epuka mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo huacha utando wa kijani unaokula shaba. Na kwa wanaoishi Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar, vipakiti vya kufyonza unyevu ni vya lazima.

Kuhusu uwekezaji, sarafu hazitoi riba wala gawio, na bei ya kununulia huwa juu ya bei utakayopewa ukiuza, hivyo karo na kodi ya nyumba zisiingizwe humo. Sarafu za wanyama za 1974, yaani shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye faru na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma, zililenga wakusanyaji, na angalau zina madini ya kuzitegemeza. Lakini sarafu mpya za ukumbusho mara nyingi huuzwa pamoja na sanduku na cheti kwa bei inayopita mbali thamani ya madini, na fedha hiyo ya ziada hairudi kwa urahisi. Kabla ya kununua, tafuta bei zilizolipwa kweli minadani, si zile zinazotajwa na wauzaji.

Sarafu za Kilwa ziache. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba katika magofu bila kibali ni kosa. Tena sarafu iliyong'olewa ardhini bila kumbukumbu ya mahali pake humpokonya mtaalamu ushahidi usiorudishika. Ukiokota moja, iripoti kwa Idara ya Mambo ya Kale.

Kwa kila sarafu unayomiliki, andika daftarini uzito, kipenyo, muuzaji, tarehe na bei, piga picha pande zote mbili, ambatisha risiti, na nakala ya daftari hilo uiweke nyumba nyingine.