Namna ya Kukokotoa GPA ya Jumla kwa Mihula Yote Uliyosoma

Kila matokeo yanapotoka, wanafunzi wa vyuo vya huku Malimbe na wenzao wa Bugando, jijini Mwanza, huniletea madaftari yaliyojaa hesabu, na wengi wao huwa wamekosea mahali pamoja: wamejumlisha GPA (wastani wa pointi za masomo) ya muhula wa kwanza na ya muhula wa pili, kisha wakagawa kwa mbili. Njia hiyo ni ya kuaminika pale tu krediti, yaani uzito wa kozi, za mihula yote miwili zinapolingana. Kosa hili huniuma, kwa sababu humkatisha tamaa mtu aliyefanya vizuri.

Hatua ya kwanza ni kugeuza herufi kuwa pointi. Katika mfumo wa pointi tano unaotumiwa na vyuo vingi vya Tanzania, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na E ni 0. Asilimia ziweke kando, kwani aliyepata 71 na aliyepata 95 wote wana A, na wote huingia kwenye hesabu na pointi 5.

Hatua ya pili, zidisha pointi za kila kozi kwa krediti zake. Krediti moja hukadiriwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kuanzia mihadhara hadi kujisomea, na ndiyo sababu kozi ya krediti 12 huvuta wastani zaidi kuliko ya krediti 8.

Hatua ya tatu, jumlisha muhula mzima. Tuchukue mwanafunzi wa Nyegezi aliyepata A katika kozi ya krediti 12, B+ katika kozi mbili za krediti 10 kila moja, kisha B na A katika kozi mbili za krediti 8. Hesabu yake ni 60 + 40 + 40 + 24 + 40, yaani 204, kwa krediti 48. Ukigawa unapata 4.25. Muhula wa pili aliugua akaahirisha baadhi ya mitihani, zikabaki kozi mbili za krediti 12, moja akapata B na nyingine C: 36 + 24 ni 60, kwa krediti 24, sawa na 2.5.

Hatua ya nne ndiyo yenye uzito wote. Jumlisha 204 na 60 upate 264, jumlisha 48 na 24 upate 72, kisha gawa 264 kwa 72. Jibu ni kama 3.67, ambalo liko ndani ya daraja la pili la juu la shahada, linaloanzia 3.5 hadi 4.3. Kama angejumlisha 4.25 na 2.5 kisha kugawa kwa mbili angepata 3.375, akajiona yuko daraja la pili la chini na pengine akaacha kuomba ufadhili aliostahili.

Kabla ya kuandika jibu la mwisho, soma kanuni za mitihani za chuo chako uone kama desimali hukatwa au hukadiriwa, maana 4.38 ikikatwa ni 4.3, na ikikadiriwa ni 4.4, ambapo daraja la kwanza linaanzia. Angalia pia alama za sapu, yaani mitihani ya marudio, kwa kuwa vyuo vingi haviruhusu zizidi C hata ukijibu kila swali.

Kisha, kwa kila muhula, hifadhi namba mbili tu: jumla ya krediti na jumla ya pointi zilizozidishwa. Matokeo mapya yakitoka, utaongeza juu ya hizo bila kuanza upya.