Kukadiria ukubwa wa bafa unaposimbua UTF-8 katika Java

Nililetewa programu ya kusoma ripoti za mnada wa mifugo. Lalamiko lilikuwa moja: neno "ng’ombe" linaharibika, lakini si kila mstari. Kosa likija na kuondoka namna hiyo, mimi huanza na bafa, yaani kipande cha kumbukumbu kinachoshika baiti kwa muda kabla hazijasimbuliwa (kugeuzwa kuwa herufi).

Hatua ya 1: hesabu baiti kwa mkono. Ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, hula baiti 3 katika UTF-8, mfumo wa kuwakilisha herufi kwa baiti:

```
n  g  ’        o  m  b  e
6E 67 E2 80 99 6F 6D 62 65
```

Baiti 9, herufi 7. Sasa kata baada ya baiti ya nne, kisha simbua kila kipande peke yake kwa `new String`. Utapata `ng��ombe`. Hicho ndicho wateja walichokuwa wanakiona, na kilitokea pale tu ambapo mwisho wa bafa uliangukia katikati ya ritifaa.

Hatua ya 2: kadiria kwa kiwango cha juu.

```java
var d = StandardCharsets.UTF_8.newDecoder();
var in = ByteBuffer.allocate(4096);
var out = CharBuffer.allocate(
  (int) Math.ceil(in.capacity() * d.maxCharsPerByte()));
```

Kwa UTF-8 jibu la `maxCharsPerByte()` ni 1.0, na linaeleweka: alama ya baiti 3 hutoa `char` moja (kizio cha Java cha kuhifadhia herufi), emoji ya baiti 4 hutoa mbili. Idadi ya `char` haizidi kamwe idadi ya baiti. `averageCharsPerByte()` ni wastani tu. Usiitegemee kwa bafa isiyoweza kukua. Kumbuka pia kwamba `char` ni baiti 2, kwa hiyo `char` 4096 ni baiti 8192 za kumbukumbu.

Hatua ya 3: tunza mabaki. Hapa ndipo programu nyingi huharibika, hata zenye bafa kubwa. Hapa chini, `ch` ni chaneli inayosoma faili, na `andika` ni mbinu yako ya kuandika matokeo.

```java
while (ch.read(in) != -1) {
  in.flip();
  var r = d.decode(in, out, false);
  if (r.isError()) r.throwException();
  out.flip(); andika(out); out.clear();
  in.compact();
}
```

Ile `false` inamwambia msimbuaji kwamba baiti nyingine zinakuja, hivyo E2 80 anaziacha bila kuzigusa. `compact()` inazisogeza mwanzoni mwa bafa, zikingojea 99 yao. Ukiweka `clear()` badala yake, umezitupa.

Hatua ya 4: funga vizuri. Faili likiisha, ita `in.flip()`, kisha `decode(in, out, true)`, kagua tena `isError()`, halafu `flush(out)` na uandike kilichobaki. Faili lililokatika njiani litajulikana hapa. Usilifiche kosa hilo; kuna mtu anasubiri hesabu ya mifugo wake.

Hatua ya 5: jaribu kwa bafa ndogo. Badilisha 4096 iwe 4, upitishe maandishi yenye ritifaa na emoji. Usishuke chini ya 4: kwenye bafa ya baiti 3 emoji haitatimia kamwe, na kitanzi kitazunguka bila mwisho.