Unakuja Dar Kutembea? Angalia Haya Kabla Hujakata Tiketi

Nyumbani kwetu Kimara hakupiti miezi mitatu bila mgeni kutoka mkoani. Zamani wengi walikuja kwa ajili ya hospitali, harusi au mzigo wa duka. Siku hizi wapo wanaokuja kutembea tu, kuiona bahari na kuuona mji, na mimi hilo linanifurahisha sana, maana Watanzania wengi huijua Dar kwa kupita mbio na bahasha mkononi. Kwenye simu wote huniuliza kitu kimoja: "Nije na shilingi ngapi?" Mimi huwajibu kwa swali: unakuja mwezi gani? Fedha, nguo, mahali pa kulala, hata saa ya kwenda ufukweni, vyote hufuata mwezi.

Kuanzia Desemba hadi katikati ya Machi ni kaskazi. Mchana joto hufika nyuzi 32 na zaidi, na usiku hakupoi. Mama mdogo alikuja Januari kutoka Makambako na sweta mbili kwenye begi, kwa kuwa alipotoka asubuhi kulikuwa na ukungu. Usiku wa kwanza aliacha kitanda akalala juu ya vigae, khanga moja, feni ikimpulizia usoni. Ukija miezi hii, usikubali chumba kisicho na feni inayofanya kazi, na uulize umeme ukikatika wanafanyaje. Panga matembezi ya jua kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi, kisha uingie ndani ya jengo au chini ya mwembe hadi saa 10 jioni.

Masika huanza mwishoni mwa Machi na kumalizika Mei, na Aprili ndiyo kilele. Sisemi usije. Nasema usije na ratiba iliyobana. Barabara ya Morogoro inapokatiza bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani, mvua kubwa ya usiku mmoja inatosha kuifunga. Nimewahi kusimama upande wa Magomeni saa 2 asubuhi, maji ya rangi ya chai yakipita juu ya lami, vigogo na madumu vikielea, na mgeni wangu akiwa kituo cha Fire, ng'ambo ya pili, hata kilomita mbili hazifiki. Tulionana saa 7 mchana, baada ya kila mmoja kuzunguka kivyake. Kwa hiyo Aprili usipange safari ya boti ya Zanzibar au treni ya kurudi siku ileile unayotoka upande mwingine wa mji. Acha usiku mmoja katikati. Njoo na ndala za kamba zinazoshika mguu, na kipochi kisichopitisha maji cha kufungia simu na vitambulisho.

Juni hadi Septemba ni kipupwe, na ukiniachia nikuchagulie, nitakuchagulia huku. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 19 au 20, mchana unatembea bila kulowa jasho. Ila ndio msimu wa upepo wa kusi, bahari huchafuka, na kama tumbo lako halipendi mawimbi, panda boti asubuhi na mapema kabla upepo haujachangamka. Vuli, Oktoba hadi Desemba, mvua ni za vipande, zinanyesha saa moja na jua linarudi. Mwavuli mdogo unatosha.

Baada ya hali ya hewa, angalia kalenda ya mji wenyewe. Maonyesho ya Sabasaba huanza mwishoni mwa Juni na kuingia katikati ya Julai. Kama hujaja kwa ajili yake, gesti za Temeke na Kurasini zitakuwa zimejaa na Barabara ya Kilwa haipitiki jioni. Siku ya Simba na Yanga katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, unaochukua watu 60,000, usipange kupita Chang'ombe wala Barabara ya Mandela. Mwezi wa Ramadhani mji mchana ni mtulivu na baadhi ya migahawa imefunga, lakini jioni ya futari Kariakoo na Ilala ni raha tupu: tambi, mihogo ya nazi, kaimati, uji wa pilipili manga. Na wiki ya Krismasi Dar hupungua watu, foleni zinayeyuka, ni wakati mzuri mno wa kuzunguka. Tatizo liko kwenye tiketi. Wenyeji wanapokwenda Moshi na Bukoba, mabasi hujaa, na wewe utakayerudi mwanzoni mwa Januari utakutana nao wakigombea viti. Kata tiketi ya kurudi mapema, kabla hata hujafungua begi.

Sasa mahali pa kulala. Hapa ndipo wageni wengi hupoteza fedha wakidhani wanaokoa. Dar haipimwi kwa kilomita, inapimwa kwa saa. Chumba cha bei nafuu Mbagala au Bunju kitakugharimu saa nne za foleni kwa siku kama unataka kuona mambo ya Posta, katikati ya mji. Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, mabasi mengi ya mikoani yanakoishia tangu 2021, iko zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Wanaotoka Dodoma na Morogoro, tangu 2024 wana treni ya umeme inayowashusha mjini kabisa, karibu na Kariakoo. Kwa hiyo gawa mji kwa pande, uchague upande utakaotembelea zaidi, ulale huko. Kariakoo, Ilala na Magomeni zina gesti za watu wa kipato cha kawaida na usafiri wa kwenda kila upande. Piga simu kabla, uliza bei ya siku za sikukuu, uliza kama chumba kina chandarua kisicho na matundu. Usitume fedha yote kwa mtu usiyemjua. Ndugu yangu alilipia siku tatu kwa simu, akafika saa 5 usiku akakuta chumba kimepewa mtu mwingine, na pale mapokezi hakuna aliyekiri kuipokea ile fedha. Tuma ya usiku mmoja tu, hifadhi ujumbe wa muamala, nyingine ulipie ukiwa umeshika ufunguo.

Kitambulisho ndicho kitu cha kwanza kuingia kwenye begi. Gesti watakuletea lile daftari kubwa lenye mistari: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, namba ya kitambulisho, sahihi. Treni wanakitaka, boti ya Zanzibar wanakitaka. Piga picha ya kitambulisho uitume kwa mtu wa nyumbani, ili hata begi likipotea uwe na pa kuanzia.

Siku za kutembea zipange kwa upande, si kwa orodha ya majina. Siku ya mjini ni ya miguu. Anzia soko la samaki la Feri alfajiri samaki wanaponadiwa, sauti za madalali na vibua vikimwagwa mezani. Ukitoka hapo fuata ufukwe wa Kivukoni hadi kanisa la Azania Front lililojengwa na Wajerumani, endelea hadi kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lililokamilika 1902, na Boma la Kale, jengo la enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyeanzisha mji huu miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima. Panda hadi Sanamu ya Askari, iliyowekwa 1927 pale pale ilipokuwa imesimama sanamu ya Mjerumani Wissmann hadi 1916. Jua likikaza, ingia Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Jengo la mwanzo lilifunguliwa 1940, na ndipo lilipohifadhiwa fuvu la binadamu wa kale aitwaye Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959. Pale uani kuna kumbukumbu ya waliouawa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani, tarehe 7 Agosti 1998. Watu 11 walikufa hapa Dar. Nenda ukiwa na muda wa kusimama kidogo.

Siku ya pili, Kariakoo na Mnazi Mmoja, mtaa wa Lumumba ambako chama cha TANU kilizaliwa 1954, na Magomeni kwenye nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere. Siku ya tatu, Barabara ya Bagamoyo: Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za asili za makabila, vinyago vya Mwenge, kisha Kunduchi kwenye boti za kisiwa cha Mbudya. Kisiwa hicho kimo kwenye hifadhi ya bahari, una kiingilio cha kulipa mbali na nauli ya boti. Ukiongeza Kigamboni, ng'ambo ya bandari, kwenye siku yoyote kati ya hizi, utarudi umechoka na hujaona kitu. Ipe siku yake.

Kuhusu bahari nataka nikae kidogo, maana watu wa bara hatuambiwi. Bahari ina saa zake. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku muda unasogea mbele karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndiyo bamvua: maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Katika siku hizo, hapa Dar maji hupwa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 jioni. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ndiyo maji mafu, na saa hizo zinageuka. Nilimpeleka shemeji yangu ufukwe wa Coco saa 11 jioni bila kuangalia mwezi. Alikuwa hajawahi kuiona bahari maishani. Tulikuta miamba mitupu yenye majani, vidimbwi na kaa wadogo, na maji yenyewe mbali kule. Alisimama na ndala mkononi akaniuliza, "Ndiyo hii?" Tulikula mihogo yetu ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, tukarudi siku tano mbele, saa ileile, maji yakiwa yamegonga ukingo. Angalia mwezi angani kabla ya kupanga siku ya ufukweni, au muulize mvuvi yeyote. Na tafadhali, hata kama wewe ni hodari wa kuogelea ziwani, bahari ina mkondo. Watoto wasiache kushikwa mkono.

Usafiri wa ndani haukusumbui ukiwa na noti ndogo. Konda wa daladala hatakuwa na chenji ya elfu kumi saa 1 asubuhi. Mabasi ya mwendokasi ni ya haraka, ila asubuhi na jioni yanajaa mno. Ukiwa na watoto au mzee, pandeni kati ya saa 4 na saa 8. Bajaji na bodaboda mkubaliane bei kabla ya kukaa. Ukishuka stendi, begi lako ubebe mwenyewe, usimpe mpiga debe hata akikuita mjomba. Simu usiisikilizie ukingoni mwa barabara, na mkoba uvae upande wa ndani, mbali na pikipiki zinazopita. Kariakoo weka fedha ya matumizi ya siku mfukoni, nyingine iache kwenye simu. Mawakala wako kila kona.

Jambo moja ambalo wageni hawalijui: ukiwa kwenye pantoni la Magogoni, kivuko cha kwenda Kigamboni, mkono unawasha kupiga picha, lakini Ikulu ipo hapo hapo na bandari inaonekana. Maeneo ya serikali na ya jeshi hayapigwi picha. Geuza simu upande wa Kigamboni, au uwapige wenzako wakiwa wameegemea kingo.

Kwa afya, kama una dawa za presha au sukari, chukua za safari nzima na siku tatu za ziada. Mbu wa Dar hawang'ati usiku tu. Homa ya dengue, iliyotusumbua sana 2014 na 2019, huletwa na mbu wa mchana, basi mafuta ya kufukuza mbu jipake asubuhi pia, hasa wakati na baada ya masika. Maji kunywa ya chupa yenye kizibo kilichofungwa.

Na kama utapeleka samaki nyumbani, kama wote wanavyofanya, fika Feri alfajiri ya siku ya mwisho, chagua changu au nguru mwenye jicho linalong'aa, umpe mkaangaji pale pale na umwambie wanasafiri, awakaushe. Waache wapoe kabisa kabla ya kuwafunga. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata ingekuwepo ingewatoa jasho wakaharibika. Mama mdogo huwafunga kwenye magazeti, anawapanga kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa matundu, na ndoo hiyo haiingii kwenye buti la basi lenye joto. Inakaa katikati ya miguu yake hadi Makambako.