Kupendeza Italia huku unakula na kunywa: nguo za kubeba kutoka Dar

Mwaka jana mwezi wa 9 mimi na wifi yangu tulikaa Italia siku 12, tukaanzia Roma, tukashuka Napoli, tukapanda Bologna, tukamalizia Venezia, na toka turudi kila anayepata safari ya kule ananiuliza swali moja, nibebe nguo gani? Jibu langu halibadiliki. Kabla hujafungua kabati nenda kwanza kwa fundi wako, na uende ukiwa umetoka kula.

Namaanisha kabisa. Fundi akikupima asubuhi hujala, umesimama, umevuta tumbo ndani, atakushonea nguo ya kusimama. Sasa Italia utakaa mezani masaa mawili matatu. Mimi fundi wangu wa Kariakoo alivyomaliza kunipima nikamwambia ngoja kaka, nikakaa kwenye stuli yake pale pembeni ya cherehani, nikapumua kawaida, nikamwambia rudia. Tepu ikasoma inchi 2 zaidi ya alichoandika kwenye daftari. Akasema dada hii itakupwaya, nikamwambia weka lastiki nyuma tu, mbele iache flati kabisa na pasi isimame, shati nitaliachia juu, hakuna atakayeiona. Suruali ile nyeusi nilivaa siku 7 kati ya 12 na hakuna hata siku moja ilinikaba.

Elewa siku ya kula kule inavyokwenda. Asubuhi unasimama kaunta na cappuccino na cornetto, ule mkate mtamu wa umbo la pembe, saa 7 mchana tambi, saa 10 au 11 gelato yani aiskrimu mkononi, saa 12 jioni aperitivo yani kinywaji na vitafunwa vya kufungulia tumbo, alafu migahawa mingi inafungua tena saa 1 na nusu au saa 2 usiku na hapo inaanza tambi, inafuata nyama au samaki, inakuja na kitamu mwishoni. Kwahiyo tumbo la saa 3 usiku sio lile uliloamka nalo, na nguo uliyovaa kwenda aperitivo ndo hiyohiyo utalia nayo chakula cha usiku mana ukirudi kubadilisha umepoteza jioni nzima. Bibi zetu hili walilijua zamani, khanga haina saizi, unaifunga kulingana na ulivyo siku hiyo. Ndo mana kwa mwanamke nguo namba moja ya Italia ni gauni la kufunga, lile la kupishanisha mbele na kufunga kamba ubavuni, ukishiba unalegeza kamba kidogo umekaa palepale na umbo linabaki lilelile. Mwambie fundi aongeze upana wa lile pande la juu hata kwa nusu futi ili upepo usikufunue ukipanda ngazi. Yale magauni ya sendoff ya kubana yenye zipu mgongoni na mifupa ya plastiki kifuani, acha nyumbani. Yanapendeza kweli ila yatakufanya uchezee tu sahani ya tortellini, zile tambi ndogo zilizojazwa nyama, na kwenda Bologna bila kula tortellini ni dhambi.

Mikono ya nguo ndo kitu ambacho watu hawakifikirii kabisa, na mimi nakiweka juu kuliko rangi. Napoli kuna pizza wanaiita a portafoglio, inauzwa mtaani, wanaikunja mara mbili inakuwa kama leso iliyokunjwa, wanaifunga karatasi unakula umesimama. Sasa ile kona ya chini inakusanya mafuta na maji ya nyanya, ukiuma tu juu, chini kunafunguka, inatiririka kwenye kiganja inashuka mpaka kwenye kiwiko. Nilimuona dada mmoja mbele yetu kavaa blauzi nyeupe ya mikono mipana, ile ya kengele, nzuri sana, na sekunde mbili mkono mzima ukawa mwekundu. Vaa mkono unaoishia chini ya kiwiko kidogo au shati unaloweza kukunja na likakaa. Inama kidogo mbele ukila, miguu nyuma, na karatasi iishike kwa mikono miwili.

Na Roma jihadhari na bucatini. Ni tambi nene zina tundu katikati, haziviringiki kirahisi kwenye uma, ukivuta mkia wake unajipiga kama fimbo na mchuzi unaruka, na mara nyingi zinakuja na mchuzi wa amatriciana ambao umejaa nyanya na mafuta. Wifi yangu anajifunika, na mgahawa wa kwanza tu ncha ya mtandio wake iliingia kwenye sahani ya nyanya ya watu kabla hajaonja. Kuanzia siku hiyo akawa anauzungusha mara mbili shingoni, ncha anazibana na pini nyuma ya bega, na kusema kweli ulikuwa unamkaa vizuri kuliko mwanzo. Kwa wenzetu wasiokula nguruwe, amatriciana na carbonara zote mbili zinatiwa guanciale, nyama ya shavu la nguruwe, hata kama menyu haijaandika. Cacio e pepe ni jibini na pilipili manga tu, na haichafui.

Hapo ndo tunakuja kwenye rangi, na kanuni yangu ni rahisi, vaa kulingana na unachokwenda kula. Siku ya Napoli vaa kitenge, yani kitenge kizuri chenye maua madogomadogo ya rangi ya udongo, kutu, kahawia, njano iliyoiva, hata doa likiingia linapotea kwenye maua, na kule kitenge kilichoshonwa vizuri kinaangaliwa sana, tulisimamishwa mara kadhaa na wamama wa makamo wanataka kushika kitambaa. Nyeupe ivae siku ya samaki na mvinyo mweupe. Ila kitenge kipya kiloweke na kukifua mara mbili tatu kabla hakijaingia begini, kikiwa bado kinachuja rangi jasho la siku moja tu linaweza kuihamishia kwenye mkanda wa pochi yako.

Doa likitokea usisugue, tafadhali, unalizamisha ndani. Chukua kijiko au kisu uparue kilichobaki juu, alafu bonyezabonyeza na tishu. La mafuta mwagia poda, ile ya kawaida ya mtoto, iache inywe mafuta nusu saa, ipukute. Usiku hotelini lowanisha kwa maji ya baridi upake sabuni ya mche. Mimi nilikata kipande cha sabuni ya mche cha ukubwa wa kiberiti nikakifunga kwenye kijimfuko na kiliokoa nguo 3. Mvinyo mwekundu unataka uharaka, omba maji yenye gesi, wanayaita frizzante, weka tishu kavu nyuma ya kitambaa na umwagie kidogokidogo mbele.

Viatu. Barabara za katikati ya Roma zimejengwa kwa vijiwe vyeusi vya mraba vinaitwa sampietrini, vina mianya, vimepanda na kushuka, na Venezia ina madaraja zaidi ya 400, mengi ni ngazi. Mchuchumio mwembamba unaingia kwenye mwanya unabaki humo, nimeona kwa macho yangu. Kama unapenda urefu chukua kisigino kinene kifupi, mchana vaa raba za ngozi zisizo na maandishi makubwa au moka zenye soli ya mpira, na zivae hapa Dar wiki mbili kwanza, tembea nazo Mlimani City, panda nazo daladala, zizoeane na mguu. Nunua zenye nafasi kidogo mbele mana joto, chumvi na kutembea siku nzima vinavimbisha mguu ikifika jioni. Hasa kama utakunywa. Negroni ni mchanganyiko wa pombe tatu, gin, Campari na vermouth, vipimo sawasawa, hakuna soda humo, kwahiyo kama ndo kinywaji chako hakikisha chini uko salama kwanza.

Ndala ni za ufukweni. Na nguo za kuogelea vilevile, Sorrento mwaka 2022 walipiga marufuku kutembea mjini na nguo za kuogelea au kifua wazi, faini mpaka euro 500. Makanisani ndo kabisa, mabega na magoti yafunikwe, kwenye Basilika la Mtakatifu Petro walinzi wanakurudisha pale mlangoni hata kama umepanga foleni lisaa. Hapa sisi watu wa pwani hatuna shida, mtandio mmoja mpana wa pamba unamaliza kila kitu, asubuhi kanisani mabegani, mchana kwenye treni za AC, jioni upepo ukianza, na ukikaa kula unauweka mapajani juu ya ile leso ya mezani.

Nirudi kwenye kunywa mana aperitivo ndo kipindi cha kupendeza kuliko vyote. Watu wanatoka kazini, wanatembea polepole mtaani kuonana tu, wanaita passeggiata, na utagundua kitu kimoja, hakuna mng'aro mwingi. Kilichowapendezesha ni nguo iliyokaa sawa begani, pindo la suruali lililoishia pale linapotakiwa, na kiatu kilichofutwa. Vyote hivyo ni kazi ya fundi na brashi, na fundi tunao. Suruali ya mtumba ya soko la Karume, kitani halisi, asubuhi wanapofungua belo unaipata kwa bei ya chipsi kuku, ipeleke ikapunguzwe mapaja na kupandishwa pindo, ukikaa nayo kwenye baa za Venezia utafanana na wenyeji. Kitani kikikunjamana kiache, ndo kilivyo, wao wenyewe wanavaa hivyohivyo.

Venezia wanakula vitafunwa vidogo vinaitwa cicchetti, mkate na samaki juu, vipo kwenye vibaa vyao vya mtaani, na mara nyingi unasimama, glasi mkono huu, kipande mkono ule. Pochi ya kushika mkononi inakuwa adui. Beba kibegi chenye mkanda mrefu wa kukatisha kifuani, kidogo, kinachofungwa zipu, kiweke mbele. Spritz ya kawaida, kinywaji chao cha aperitivo, ni prosecco yani mvinyo mweupe wenye mapovu, pombe chungu ya Aperol na soda, na inakuja na barafu, glasi inatoa jasho inadondosha, kwahiyo hariri ya rangi mpauko usiivae jioni hiyo. Wifi yangu hagusi pombe kabisa, yeye alikuwa anaagiza Crodino, ni kinywaji kichungu kitamu kisicho na kilevi, wanakuletea kwenye glasi nzuri na kipande cha chungwa na zeituni pembeni, na hakuna jioni alikaa mezani akijiona ametengwa. Kahawa inyweni kaunta mkiwa mmesimama, ukikaa hasa kwenye viwanja vya watalii bei inaweza kuwa mara mbili hata tatu. Na gelato msiende kulia kwenye zile ngazi za Piazza di Spagna pale Roma, toka 2019 hairuhusiwi kukaa pale.

Kaka zetu, nyie kwenu ni rahisi. Shati 3 za kitani au pamba nyembamba zenye kola, moja iwe ya bluu iliyokolea kwa ajili ya usiku wa nyanya. Kaptula mchana sawa ila chakula cha usiku vaa suruali, na kabla ya safari mwambie fundi aangalie mshono wa nyuma kiunoni kama kuna akiba ya kitambaa, ipo kwenye suruali nyingi nzuri, aifungue inchi moja. Mkanda wa kusuka wa ngozi hauna matundu, unachoma popote, kwahiyo unalegeza kidogo baada ya kila sahani na hakuna anayejua.

Ukienda mwezi wa 7 au 8 joto linafika 35 na zaidi, maji tembea na chupa, Roma ina vibomba vya mtaani vya maji ya kunywa bure. Ukienda mwezi wa 4 au wa 10 beba koti, na usilinunue dukani, Karume makoti yamejaa na wanunuzi ni wachache mjini hapa, langu refu la rangi ya mchanga nilitoa elfu 15.

Begi liache na nafasi ya robo. Punguzo kubwa la madukani, saldi, linaanza mwanzoni mwa mwezi wa 7 na tena mwanzoni mwa mwezi wa 1, na sisi tunaoishi nje ya Umoja wa Ulaya ukinunua kuanzia kidogo zaidi ya euro 70 kwenye duka moja lenye huduma hiyo unadai kurudishiwa sehemu ya kodi, omba fomu palepale dukani ukiwa na pasipoti, na uihakikishe forodhani kwenye uwanja wa mwisho wa Umoja wa Ulaya kabla hujaondoka. Mimi nilinunua moka za ngozi Bologna, na nilizijaribu saa 11 jioni, baada ya mchana wa tambi pana za tagliatelle na kutembea, mguu ukiwa umeshavimba vizuri.